Kuku Wako, Uwanja Wetu

Mpenzi mwanafunzi, bila shaka umewahi kukutana na methali isemayo, "Kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Darasani tunafundisha kwamba mgeni huonekana kwa ugeni wake: hajui njia, hajui desturi, na wenyeji humtambua upesi. Maana hiyo ni sahihi. Hata hivyo, leo nakuomba tuiweke kando kwa muda na tuyashike maneno yenyewe kama yalivyo: kuku, ugeni, kamba na mguu. Waliotunga methali hiyo walifuga. Walimfunga kuku mgeni ili asipotee kabla hajaijua nyumba yake mpya, na kwa siku hizo chache hakupata kuzurura na kuchanganyika na kuku wa mtaa mzima. Nitakueleza kwa nini desturi hiyo ndogo inastahili kurudi, tena si kama mapenzi ya mtu mmoja mmoja, bali kama kanuni ya mtaa.

Kisa changu kinatoka Chula, mojawapo ya visiwa vya Wabajuni. Ukishuka kusini kutoka mji wa Kismayo hadi Ras Kiamboni, mpakani mwa Somalia na Kenya, utavikuta visiwa hivyo vimejipanga sambamba na pwani: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vingine vidogo. Wenyeji wake husema Kibajuni, kiitwacho pia Kitikuu, lahaja ya Kiswahili ambayo ndani yake "mtu" huwa "mchu" na "kitu" huwa "kichu". Hata jina la Kismayo, wengi husema, limetokana na "kisima iu", yaani kisima cha juu. Ni visiwa vya matumbawe. Maji ya kunywa ni machache, udongo ni haba, na riziki kubwa ni ya baharini. Ng'ombe hapati malisho ya kutosha huko, lakini kuku huyapata.

Shangazi yangu alinisimulia kisa hiki alipokuja Mombasa kwa matibabu. Mwaka mmoja, kabla bahari haijachafuka kwa kusi, alimwagiza nahodha amletee kuku kutoka sokoni Kismayo. Nahodha akarudi na tenga lenye kuku wanane, wote kwa bei ya chini sana. Shangazi akamshukuru Mungu kwa neema hiyo, akawafungulia uani siku ile ile. Baada ya siku nne mmoja aliinamisha kichwa na kukataa kula. Siku ya sita watatu walikuwa wamekufa, na kuku wake wa zamani nao wameanza kuhara kijani na kupinda shingo. Jirani akamshauri: "Bibi, uza waliobaki kabla hawajakufia mkononi." Akawauza sita kwa mtu aliyekuwa akivuka kwenda kisiwa kingine. "Mwanangu," aliniambia, "sikumwuliza anawapeleka wapi. Nilijua kwamba nikimwuliza, sitaweza kuwauza."

Kabla ya mwezi kwisha, jogoo hakuwika tena katika mtaa wake. Shangazi hakuyasema hayo ili nimhurumie. Aliyasema kwa sababu alikuwa amefahamu, kwa kuchelewa, kwamba bei ile ya chini sokoni ilikuwa na maelezo yake. Mtu fulani Kismayo alikuwa amefanya vile vile alivyofanya yeye.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kuku wa kienyeji ni mali ya mtu mmoja inayoishi katika uwanja wa watu wote. Asubuhi hutoka kwako, mchana hula kwa jirani, jioni hurudi kulala kwako. Faida yake inaingia katika nyumba moja, lakini madhara yake hayana nyumba. Kwa hiyo afya ya kuku huyo haiwezi kuachwa iwe hiari ya mwenye kuku peke yake. Ni wajibu wa kiraia, sawa na kutotia uchafu katika kisima cha mtaa.

Usidhani kwamba kwa kusema hivyo naulaumu ufugaji huria. Naupenda, na nadhani ndio unaofaa pwani ile. Wapo wanaoshauri waletwe kuku wa kisasa wanaotaga karibu kila siku. Kuku hao huhitaji chakula maalumu cha dukani, na chakula hicho kikipanda mashua hadi kisiwani, gharama yake hula faida yote ya mayai. Msimu wa kusi chombo kisipovuka, kuku hushinda na njaa. Kuku wa kienyeji hujitafutia. Hula wadudu, mbegu, makombo ya wali, machicha ya nazi na vichwa vya dagaa. Magamba ya kombe na chaza yakisagwa humpa chokaa ya kuimarisha maganda ya mayai. Tahadhari ni moja tu: ukimzidishia mabaki ya samaki, yai lake litanuka samaki, na mnunuzi atalirudisha.

Tena kuku huyu, aghalabu, ni mali ya mwanamke. Mashua ni ya mume au ya tajiri, nyavu ni za mume, lakini kuku ni wake. Akiuza jogoo hana haja ya kuomba ruhusa, na fedha hiyo hununua daftari, dawa au sabuni. Wabajuni wengi walipoyakimbia makazi yao kuanzia mwaka 1991, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoenea Somalia, waliacha nyumba, vyombo na mifugo. Kwa anayerudi mikono mitupu, kununua ng'ombe au mashua ni ndoto, lakini tembe watatu na jogoo mmoja ni jambo linalowezekana. (Tembe, mwanafunzi wangu, ni kuku jike aliye tayari kuanza kutaga, akishapata vifaranga huitwa koo.) Basi tunapozungumzia kifo cha kuku tunazungumzia akiba ya mtu ambaye hana akiba nyingine.

Ugonjwa uliompata shangazi una dalili zote za mdondo, ambao wengine huuita kideri. Kitaalamu hujulikana kwa jina la Newcastle, mji wa Uingereza ulikotambuliwa mwaka 1926. Mwaka huo huo ulionekana pia katika kisiwa cha Java. Husababishwa na virusi. Kuku huweza kuwa navyo siku kadhaa kabla hajaonyesha dalili yoyote, na ndiyo maana kuku mzima wa macho sokoni anaweza kuwa ameubeba. Virusi hivyo hutoka katika kinyesi na makamasi yake, kisha husafiri kwa maji, kwa matenga, kwa viatu na kwa mikono ya mchuuzi. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa huweza kuwaua karibu wote. Tiba haipo. Dawa za antibiotiki, ambazo watu huzinunua kwa fedha nyingi, haziui virusi.

Kinga, hata hivyo, ipo, na si ghali. Chanjo iitwayo I-2 ilitengenezwa Australia kwa kuwafikiria hasa wafugaji wa vijijini, kwa kuwa huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Huhitaji sindano. Ni tone moja katika jicho la kuku, awe kifaranga au jogoo mkubwa, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tanzania imekuwa ikiitengeneza yenyewe, na wanawake wengi wa vijijini wamejifunza kuitia kwa mikono yao.

Sasa tazama mahali ambapo hesabu ya mtu mmoja inashindwa. Chupa moja ya chanjo mara nyingi huwa na dozi 100 au zaidi, na ikishafunguliwa haiwekwi kwa muda mrefu. Shangazi ana kuku tisa. Akinunua chupa peke yake, matone tisini na moja yatamwagika. Atasema, na ana haki, kwamba huo ni ubadhirifu. Lakini nyumba kumi na mbili zikichanga, chupa ile ile inatosha, na mchango wa kila nyumba huenda usifikie bei ya mayai machache. Jambo ambalo kwa mmoja ni hasara, kwa kumi na mbili ni nafuu. Na ikiwa nyumba kumi na moja zitachanja na ya kumi na mbili ikakataa, ugonjwa utapata mahali pa kuishi, na vifaranga watakaoanguliwa kati ya chanjo moja na nyingine wataukuta pale pale unawangoja.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na naomba yawe maneno ya mtaa mzima, yanenwe mbele ya wazee na yafahamike kwa watoto.

La kwanza ni kuchanja kwa pamoja, siku moja, mara tatu kwa mwaka. Kisiwani mojawapo ya siku hizo lazima itangulie kusi, kwa kuwa bahari ikichafuka chanjo haiji. Kuku huchanjwa akiwa mzima, na kinga huchukua wiki moja hadi mbili kukamilika. Anayesubiri mpaka kuku waanze kuanguka amechelewa.

La pili ni kumrudishia kuku mgeni kamba yake, au bora zaidi, kumweka ndani ya kizimba mbali na wenzake kwa siku zisizopungua 14. Ikiwa ana ugonjwa, utajitokeza humo. Wakazi wa visiwa wana neema ambayo watu wa bara hawana, nayo ni bahari. Ugonjwa haujui kuogelea; huja ndani ya tenga. Hivyo mahali pa kuulinda mlango ni pale pwani mashua inaposhusha mizigo, na mlinzi anaweza kuwa yeyote mwenye macho na ulimi.

La tatu, na hili ndilo gumu, ni kutouza wala kumpa mtu kuku mgonjwa, wala kuku mzima aliyekaa na wagonjwa. Waliokufa wazikwe au wachomwe, wasitupwe jaani wala baharini.

Najua pingamizi litakalokuja, kwa sababu nililisikia kwa shangazi mwenyewe: "Wewe una mshahara. Mimi nilikuwa na kuku sita na deni dukani." Sitalijibu pingamizi hilo kwa mahubiri. Maskini anayeuza kuku mgonjwa hafanyi hivyo kwa ubaya, anaokoa kinachookoleka. Lakini tuulize anakiokoa kutoka kwa nani. Mnunuzi wa kuku wa bei ya chini naye ni maskini, na mara nyingi ni maskini zaidi, kwa kuwa tajiri hanunui kuku aliyeinamisha kichwa. Hasara haikuondoka, imehamishwa kutoka uani mmoja kwenda mwingine, na njiani imezaa hasara nyingine kumi.

Ndiyo maana katazo bila msaada halitoshi. Mtaa unaomwambia mtu asiuze lazima pia umwambie atakavyoanza upya. Njia ipo: walionusurika wampe aliyepoteza tembe mmoja kwa ubia, na vifaranga watakaopatikana wagawanywe baina ya mwenye tembe na mlezi. Baada ya matotoo mawili mlezi ana kundi lake. Hii si sadaka, wala haimwondolei mtu heshima. Ni bima ya watu wasio na benki.

Pingamizi la pili husemwa na vijana kama wewe: hii ni kazi ya serikali, kwa nini tuifanye sisi? Ni kweli kwamba huduma za mifugo ni haki ya raia, na kwamba Somalia imekaa miaka mingi na dola dhaifu. Mji wa Kismayo peke yake umebadilisha watawala mara nyingi tangu mwaka 1991. Hata hivyo virusi havisubiri katiba. Tena, mtaa uliojipanga hudai kwa nguvu zaidi kuliko mtaa ulionung'unika. Ukienda kwa ofisa na daftari linaloonyesha nyumba ngapi zina kuku wangapi, waliochanjwa lini, waliokufa lini, humwombi fadhili. Unamwonyesha kazi uliyokwisha kuianza na sehemu yake iliyobaki. Kufanya sehemu yetu hakumsamehi mkubwa sehemu yake.

Nisingependa kumaliza bila kumtaja kanga, kwa sababu wapo wanaomfuga pamoja na kuku na yeye ana mafunzo yake. Kuku ni mgeni wa kale, aliyefugwa kwanza Asia ya kusini-mashariki na kuletwa kwetu kwa njia ya bahari. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa yake katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate. Kanga ni mwenyeji wa Afrika. Ana madoa meupe mwili mzima, na husemwa kwamba nguo ya kanga ilipata jina lake kutokana na madoa hayo. Katika vichaka vya bara ya Juba yupo pia kanga mwenye kifua cha buluu na kichwa kitupu kama cha tai, mmoja wa ndege wazuri zaidi utakaowaona.

Kanga ni mlinzi hodari. Akimwona nyoka, mwewe au mtu asiyemjua hupiga kelele mpaka watu watoke. Hula kupe na panzi, na hachakuri bustani sana kama kuku. Lakini ni mzazi mzembe: huwapitisha watoto wake katika majani yenye umande mpaka wakafa kwa baridi. Ndiyo maana wafugaji huyachukua mayai yake na kumwekea kuku ayaatamie. Kuku huangua mayai yake kwa siku 21. Ya kanga huchukua siku 26 hadi 28, basi chagua koo mvumilivu. Na usisahau kwamba mdondo humpata kanga pia, hivyo naye huhesabiwa siku ya chanjo.

Kwa upande wa uraia kanga ana maswali mawili. Kwanza, kelele zake ni ulinzi kwako na usumbufu kwa jirani mwenye mgonjwa au kichanga. Mwulize jirani kabla, usimwombe radhi baada. Pili, wengi huanza ufugaji kwa kuokota mayai porini. Ukiyachukua yote, mwakani hutakuta ndege wala yai. Nchini Kenya kanga huhesabiwa miongoni mwa wanyamapori, na anayetaka kumfuga hutakiwa kupata kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mahali ambapo hakuna ofisi ya kutoa kibali, dhamiri ndiyo ofisi. Anza na kanga waliokwisha kufugwa.

Kuna methali isemayo, "Kanga hazai ugenini." Shangazi, aliyeishi ukimbizini miaka mingi kabla ya kurudi Chula, haipendi. Husema yeye alizaa ugenini mara tatu. Nami nadhani mfugaji angeirekebisha kidogo: kanga mgeni akifungiwa wiki kadhaa, akalishwa mahali pamoja, akapajua, hutaga. Ugeni si hali ya kudumu kwa kanga wala kwa binadamu. Una muda wake, na wenyeji ndio wanaoamua muda huo utakuwa wa namna gani. Kamba ya mguuni si adhabu ikiwa kila mtu anajua siku itakayofunguliwa.

Sasa zoezi lako. Tazama kichwa cha makala hii: "wako" na "wetu". Katika sarufi ni vivumishi viwili vya kumiliki, na vyote viwili vinahitajika mtaani. Andika ukurasa mmoja wa kanuni za kuku za mtaa wako, ukianza kila sentensi kwa kitenzi chenye nafsi "tu-": tutachanja, tutamfungia, hatutauza. Kisha umsomee mzee mmoja anayefuga, na uandike mahali atakapokukatalia. Shangazi alinikatalia mara mbili. Alisema siku 14 ni nyingi kwa kuku aliyenunuliwa kwa ajili ya karamu ya kesho. Nikamjibu kwamba huyo na achinjwe leo leo bila kufunguliwa uani, na manyoya yake yafukiwe. Akafikiri kidogo, akasema hilo linawezekana. La pili bado tunabishana.